Wazazi Wasingoje Siku ya Mbuzi

Hutokea hivi. Asubuhi na mapema, umande ungali katika migomba, wazee wawili au watatu wapanda njia ya kilima wakivuta mbuzi kwa kamba. Wafika uani kwa baba wa binti, wapiga hodi, wakaa, wazungumza kwanza habari za mvua na za maharagwe. Kisha mmoja wao ashusha sauti: "Baba, msimtafute mtoto. Yuko kwetu, na hajambo." Baba akasirika, au ajifanya kukasirika. Mama alia ndani ya nyumba. Hata ifikapo saa sita ya mchana mbuzi amekwisha fungwa nyuma ya nyumba, kasiksi imeletwa, na maneno ya ng'ombe yameanza. Binti mwenyewe, ambaye juzi alikuwa darasani akifanya hesabu, hakuna amwulizaye neno.

Mambo hayo twayaandika juu ya Walungu, katika nchi ya Bushi, mwendo wa kilomita kama 45 kutoka Bukavu, penye tawala mbili za kimila, Ngweshe na Kaziba. Msomaji wa Kabare au wa Uvira asidhani kwamba kwake mambo ni mazuri zaidi. Abadili jina la kilima tu, naye atajikuta humo. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika Kongo nzima miaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wenye miaka 15 hadi 19, wasichana 27 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba.

Sisi tufundishao huyajua mambo haya kwa kutazama mabenchi. Msichana mmoja akosa siku mbili, kisha juma zima, kisha jina lake lafutwa katika daftari. Twauliza, na kila mara twagundua neno lile lile: wanafunzi wenzake walijua. Walijua jina la kijana, walijua alikopata fedha, walijua hata usiku uliochaguliwa. Mwalimu hakujua, katekista hakujua, baba na mama hawakujua. Watoto wa kilima kizima walikuwa na habari, na wakubwa wa kilima kizima hawakuwa nayo. Hilo ndilo tutakalo kulizungumza leo, maana siku ya mbuzi ni mwisho wa safari ndefu ambayo mzazi hakuitembea hata hatua moja pamoja na mwanawe.

Ujasiri wa mbele ya wenzake

Wazee hupenda kusema: "Vijana wa siku hizi hawana akili." Akili wanayo. Mpe kijana wa miaka 16 swali akiwa peke yake, ametulia, naye atakueleza vema hatari za usiku, za pombe, na za kumfuata mtu asiyejulikana. Mara nyingi atajibu vizuri kuliko baba yake. Shida yatokea pengine.

Mwaka 2005 wataalamu wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walieleza jaribio walilolifanya. Waliwaketisha watu mbele ya mchezo wa kuendesha gari katika kioo cha kompyuta: taa ya njiani yageuka, na dereva achague kusimama au kuendelea, akijua ya kuwa akiendelea mno huenda akagonga ukuta. Baadhi yao walicheza peke yao, wengine wakicheza huku rafiki wawili wakitazama. Watu wazima waliopita miaka 24 hawakubadilika sana, wawe peke yao au mbele ya watu. Lakini watoto wa miaka 13 hadi 16, mara walipotazamwa na rafiki zao, waliingia hatarini zaidi sana. Wataalamu hutuambia pia kwamba ile sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo humsaidia mtu kupima mambo kabla ya kutenda, haikomai mpaka mtu apite miaka 20 na kitu. Bali tamaa ya furaha na ya kusifiwa huamka mapema.

Basi mfikirie kijana wa miaka 17 katika njia ya soko la Mugogo. Amevaa viatu vipya, ana simu mfukoni, rafiki zake watatu wamemzunguka, na kule mbele wapita wasichana watatu wenye mabeseni vichwani. Hapo hakuna hata mmoja mwenye akili ile aliyokuwa nayo asubuhi. Kijana asema neno ambalo asingalisema peke yake, na msichana akubali mkutano ambao peke yake angaliukataa, kwa kuwa wenzake wacheka na kumsukuma. Hatusemi hayo ili kuwaondolea hatia. Twasema ili mzazi ajue kwamba maneno "usifanye hivi" aliyoyasema jioni nyumbani hayafiki mbali, yakiwa ni maneno hayo tu.

Kwa sababu hiyo twakubali kazi ya chama cha Xaveri, kilichoanzishwa Bukavu mwaka 1952 na Padri Georges Defour. Padri huyo aliona jambo rahisi: kijana lazima atakuwa na kundi, basi heri apewe kundi lenye kazi na nyimbo. Kama ni lazima vijana watazamwe na wenzao, watazamwe na wenzao wa namna hiyo. Lakini Xaveri hukutana siku chache, na njia ya sokoni iko siku zote.

Zamani nani alisema na binti?

Wako wasemao kwamba zamani, katika desturi, wazazi wa Bushi hawakuzungumza na watoto wao habari hizi, na mambo yakaenda vema. Ni kweli nusu. Baba hakusema na binti yake, kwa heshima. Lakini shangazi alisema. Bibi alisema, tena kwa utani na kicheko, wakati wa jioni, bila kuficha lolote. Kijana naye alikuwa na babu. Halafu alikuwako mshenga, aliyezichunguza jamaa mbili kabla ya ng'ombe mmoja kutoka zizini: ukoo gani, ugonjwa gani, ugomvi gani. Wakubwa walikuwamo ndani ya jambo tangu mwanzo. Mzazi alinyamaza kwa sababu wengine walikuwa wakisema kwa niaba yake.

Sasa shangazi yuko wapi? Vita vilianza mwaka 1996; mwezi Oktoba mwaka huo aliuawa huko Bukavu Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, mwana wa nchi hii hii. Baada ya hapo vilima vya Walungu havikupata usingizi kwa miaka mingi. Kaniola ilishambuliwa mara kwa mara, na mwezi Mei mwaka 2007 watu wake wengi waliuawa usiku mmoja. Jamaa zilitawanyika. Bibi alizikwa, shangazi alikimbilia Bukavu akabaki huko, na watoto walilelewa katika nyumba za kupanga na watu wasiokuwa wa ukoo wao. Wengi wao ndio wazazi wa leo. Hawakuambiwa neno na mtu, nao hawana neno la kuwaambia watoto. Mzazi wa namna hii hunyamaza kama baba wa zamani, lakini nyuma ya kunyamaza kwake hakuna mtu asemaye.

Hapo ndipo inapoingia dhahabu. Kwa desturi ya Bushi kijana alipata shamba kwa kalinzi, yaani alimpa mwenye nchi ng'ombe au mali nyingine, na shamba likawa lake na la watoto wake. Siku hizi mashamba yamegawanywa mpaka yamekuwa kama mikeka, mihogo imeugua, na ugonjwa wa mnyauko umekausha migomba. Baba hana cha kumpa mwanawe, wala shamba wala ng'ombe wa mahari. Basi kijana aacha shule, ashuka katika mashimo ya dhahabu ya Mukungwe au aenda Nzibira kwenye biashara ya kasiteriti, na baada ya miezi michache arudi na fedha ambazo baba hajapata kuzishika. Mtu aliyejitafutia mali peke yake aona kwamba na mke atajitafutia peke yake. Na binti ambaye nyumbani huambiwa hakuna fedha ya sabuni, aona simu na kitenge. Tusimhukumu upesi.

Fimbo, kisha mbuzi

Wazazi walio wengi wana njia mbili tu. Kwanza fimbo: binti akionekana amesimama na mvulana njiani, apigwa, simu yavunjwa, na neno lakwisha. Kisha, mambo yakiharibika, mbuzi: wapokea faini, wakubali mahari, na neno lakwisha tena. Katikati ya fimbo na mbuzi hakuna kitu.

Tutazame faida ya fimbo. Mwaka 2000 wataalamu Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapa habari za uchunguzi wao huko Swedi, juu ya watoto wa miaka 14 na wazazi wao. Watu wote walikuwa wamedhani kwamba mzazi ajuaye mwenendo wa mtoto wake ni yule mlinzi mkali, mwenye kuuliza, kupeleleza na kukataza. Wao waliona vingine. Mzazi aliyejua sana alijua kwa sababu mtoto mwenyewe alimwambia kwa hiari yake. Swedi si Walungu, twajua. Huko hakuna mbuzi wa faini. Lakini neno hili latupasa sote, kwa maana hapa kwetu mlima ni mkubwa, usiku ni wa giza, na baba hawezi kumfuata mtoto kila aendapo. Atakachokijua ni kile mtoto atakachomwambia. Na mtoto aliyepigwa kwa sababu ya kusimama na mvulana mchana, mara ya pili atasimama naye usiku.

Na mbuzi je? Hapa inatupasa kusema waziwazi, hata kama msomaji mmoja au wawili watakunja gazeti. Kwa sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 2006, mtu alalaye na mtoto asiyetimiza miaka 18 amefanya ubakaji, hata kama mtoto alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto yakataza si ndoa tu, bali hata uchumba wa mtoto. Sheria ya jamaa ilimruhusu msichana kuolewa tangu miaka 15 hadi ilipobadilishwa mwaka 2016. Sasa ni miaka 18 kwa mvulana na kwa msichana. Tena kulipa faini hakuondoi mashtaka katika makosa ya namna hii. Baba aliyekula mbuzi hakumaliza neno lolote. Amejiandikia ushahidi juu yake mwenyewe. Wako pia wenye ujanja, ambao huitumia sheria hiyo kama fimbo ya pili: "Ongeza ng'ombe, la sivyo nitakushtaki." Huyo hamtetei binti. Amemweka sokoni.

Mama aliyeshika mimba mwili wake haujakomaa aweza kukaa na uchungu siku mbili au tatu, mtoto akikwama njiani. Nyama iliyo kati ya njia ya uzazi na kibofu hubanwa mpaka ikafa, pakawa tundu, na mkojo hutoka daima bila kuzuilika. Ugonjwa huo huitwa fistula. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, aliyoianzisha Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, hutibu wanawake wenye maradhi hayo. Hao ni wasichana na wanawake ambao mara nyingi waume wamewaacha kwa sababu ya harufu.

Wenye kufika mapema mno

Imetupasa kutaja na kosa la upande wa pili. Wako wazazi wasiongoja hata kidogo: wamekwisha mchagulia binti mume, mfanyabiashara wa dhahabu mwenye gari, na binti ataarifiwa baadaye. Hao husema wanatimiza amri ya nne ya Mungu.

Kanisa halikuwapa haki hiyo. Katika mtaguso wa Trento, mwaka 1563, wakubwa wengi wa Ulaya walitaka ndoa ya watoto isiyo na ruhusa ya wazazi iwe si ndoa. Maaskofu waliichukia tabia ya watoto kuoana kwa siri, wakasema hivyo, lakini hawakukubali kwamba ruhusa ya baba ndiyo ifanyayo ndoa. Hata leo sheria ya Kanisa ni hiyo: ndoa hufanywa na mapatano ya hao wawili, wala hakuna mtu duniani awezaye kukubali mahali pao, na aliyeolewa kwa nguvu au kwa hofu kubwa hakuolewa. Kwa upande mwingine, Kanisa halikumfukuza mzazi mlangoni. Padri hawezi kufungisha ndoa ya asiyetimiza miaka 18, ikiwa wazazi hawana habari au wanapinga kwa sababu ya haki, mpaka apate ruhusa ya Askofu. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, uliyaweka mambo mawili pamoja: wazazi waongoze kwa shauri la busara, na watoto wawasikie kwa moyo, lakini wazazi wasiwalazimishe, wala waziwazi wala kwa werevu.

Kuongoza bila kulazimisha ni kazi ngumu kuliko kupiga, ngumu kuliko kupokea mbuzi. Huanza miaka mingi kabla ya mchumba kuonekana.

Twamjua mama mmoja wa shirika moja la parokia, mwuza maharagwe, ambaye hakusoma sana. Yeye hungoja njia ya kurudi kutoka sokoni, mzigo umekwisha kupungua, mama na binti wakitembea mmoja nyuma ya mwingine. Asema ya kuwa njiani ni rahisi kwa sababu hawatazamani machoni. Haanzi kwa kuuliza. Asimulia kwanza habari zake mwenyewe: jinsi alivyokuwa na miaka 15, jinsi alivyosifiwa na kijana fulani, jinsi moyo ulivyomdunda. Binti acheka: "Mama, na wewe?" Halafu baada ya siku kadhaa binti mwenyewe aanza kusimulia. Mama ajizuia asiseme "Nilikuambia!" Twamsifu hasa kwa kujizuia huko. Siku moja binti alimwambia kwamba kijana mmoja amemwomba wakutane usiku penye chemchemi. Mama akajibu: "Mwambie aje hapa mchana, Jumapili baada ya Misa. Nitampa chai." Kijana hakuja. Wakajua wote wawili.

Wengine watasema: huko ni kuwafundisha watoto uchumba. Mtu atuonyeshe kilima kimoja ambako watoto wamengoja kufundishwa! Twaona afadhali kijana aketi kwenye kiti uani, mbele ya macho ya watu, aulizwe anasoma darasa gani na baba yake ni nani, kuliko kuzuiwa mlangoni na kupokewa porini. Aketiye uani mchana hajaruhusiwa kitu. Amejulikana tu. Na binti aambiwe waziwazi kwamba kujulikana si kuposa, wala mtu hataanza maneno ya ng'ombe kabla ya masomo kwisha.

Baba asijidanganye kwamba hiyo ni kazi ya mama. Binti asikiaye kwa baba yake kwamba ana thamani hatashangaa sana akisikia neno hilo kwa mwenye simu. Kama baba yuko mashimoni, mbali, ana simu yeye pia. Dakika moja ya kumwuliza binti habari za mtihani haipiti bei ya chupa moja ya bia.

Lakini tumesema sana juu ya baba wa binti, na hiyo ndiyo desturi mbaya ya mazungumzo haya. Wale wazee wenye mbuzi walitoka katika nyumba fulani. Katika nyumba hiyo msichana wa miaka 16 alilala usiku, na mama wa kijana alimpikia asubuhi. Hao hawawezi kusema hawakujua. Wangaliweza kumrudisha usiku ule ule, baba wa kijana akienda mbele na taa, na aibu ingalikuwa ndogo. Mzazi wa kijana apeleke maneno yake kwa mwanawe mapema, angali na miaka 13 au 14: kwamba fedha ya shimo haimfanyi kuwa mume, kwamba shamba litatafutwa pamoja, hata likiwa dogo, na kwamba hakuna mshenga atakayetumwa kabla ya umri. Akijaribu kumleta mtu usiku, mlango hautafunguliwa.

Na siku ya kutuma mshenga ikifika kwa haki, baba huyo, kabla ya kuuliza ng'ombe ni wangapi, aulize binti alizaliwa lini. Asikubali kuambiwa "amekwisha kuwa mkubwa". Watoto wengi wa vilima vyetu hawakuandikwa serikalini, lakini waliobatizwa wameandikwa katika kitabu cha ubatizo, tarehe na mwaka. Kitabu kiko parokiani, na karani wa parokia hukifungua kwa kila aombaye cheti.